Sparta: Dola ya askari iliyowahofu watumwa wake

Mnamo mwaka 480 kabla ya Kristo (KK), Mfalme Leonidas wa Sparta na askari wake 300 waliuawa katika njia nyembamba ya Thermopylae, kati ya mlima na bahari, walipokuwa wakijaribu kulizuia jeshi la Mfalme Xerxes wa Uajemi lisiingie Ugiriki ya kati na kusini. Kisa hicho kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 2,400, na kimelifanya jina la Sparta kuwa ishara ya ushujaa, nidhamu na kuyadharau mauti.

Kisichosimuliwa sana ni kwamba Wasparta hao hawakufa peke yao. Askari 700 wa mji wa Thespiae walibaki nao hadi mwisho. Aidha, mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba miongoni mwa maiti zilizolala mahali hapo walikuwamo Waheloti, watu wa utumwani waliofuatana na mabwana zao vitani, na kwamba waliokuja kuzitazama maiti hizo walidhani wote ni Wasparta na Wathespia.

Kosa hilo limerudiwa mara nyingi tangu siku hizo. Jeshi la Sparta lisingeweza kuwapo bila ya Waheloti. Wao ndio waliolima mashamba yaliyowalisha askari, na hofu kwamba siku moja watainuka ndiyo iliyowazuia askari hao wasiweke silaha chini.

Bonde la Eurotas na kutekwa kwa Messenia

Sparta ilikuwa katika bonde la mto Eurotas, kusini mwa rasi ya Peloponnese, katika nchi iitwayo Laconia. Tofauti na miji mingine mikubwa ya Ugiriki ya kale, haikuwa na kuta wala majengo ya fahari. Kwa hakika ilikuwa ni mkusanyiko wa vijiji vilivyo jirani, na kwa karne nyingi wenyewe walijivunia kwamba ukuta wao ni wanaume wao.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya milima ya Taygetus, ilikuwapo nchi ya Messenia, yenye udongo mzuri kuliko nyingi za Ugiriki. Katika karne ya 8 KK Wasparta waliivamia nchi hiyo, wakaiteka baada ya vita vya muda mrefu, na katika karne ya 7 KK wakapigana tena kuuzima uasi wa wenyeji. Mshairi Tyrtaeus, aliyeishi zama hizo, anawaeleza Wamessenia walioshindwa kuwa walilazimishwa kuwapelekea mabwana zao nusu ya mavuno ya mashamba yao.

Ushindi huo ndio ulioipa Sparta sura yake. Miji mingine ya Kigiriki iliyokosa ardhi ilituma watu wake kwenda kuanzisha makoloni ng'ambo ya bahari, na ilinunua watumwa kutoka nchi za mbali. Sparta kwa sehemu kubwa ilitosheka na ardhi ya jirani zake, ikawafanya jirani hao hao kuwa watumwa katika nchi yao wenyewe. Kwa hiyo wakazi wengi wa dola hiyo walikuwa ni watu walioshindwa vita, waliosema lugha moja, walioishi pamoja kwa familia na vijiji, na ambao katika upande wa Messenia hawakusahau kwamba waliwahi kuwa huru.

Ngazi tatu za jamii

Jamii ya Sparta iligawanyika katika matabaka makuu matatu. Juu kabisa walikuwa raia kamili, walioitwa kwa Kigiriki *homoioi*, yaani Walio Sawa. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ardhi iliyolimwa na Waheloti, na kazi yake pekee ilikuwa ni vita na mambo ya dola. Sheria ilimkataza kufanya biashara au kazi ya ufundi.

Chini yao walikuwa Waperioiki, jina lenye maana ya wakaao pembezoni. Hawa walikuwa watu huru wenye miji yao midogo katika Laconia na pwani ya Messenia. Walijishughulisha na ufundi, uvuvi na biashara, na walipigana katika jeshi la Sparta, lakini hawakuwa na sauti katika kuamua ni lini na dhidi ya nani vita hivyo vipiganwe.

Chini kabisa walikuwa Waheloti. Hawakuwa mali ya mtu mmoja mmoja kama watumwa wa Athens, bali walifungwa katika ardhi chini ya mamlaka ya dola, na bwana hakuwa na ruhusa ya kuwauza nje ya nchi wala kuwaacha huru. Walilima shayiri, mizabibu na mizeituni, na wake zao walifanya kazi katika nyumba za raia.

Wingi wao ndio uliokuwa jambo zito. Herodotus anasema kwamba katika vita vya Plataea mwaka 479 KK, raia wa Sparta 5,000 walikwenda vitani kila mmoja akiwa na Waheloti saba, jumla yao 35,000. Hata kama hesabu hiyo imetiwa chumvi, waandishi wa kale wanakubaliana kwamba waliotawaliwa waliwazidi watawala kwa mbali.

Plutarch anasimulia kisa kinachoonyesha jinsi kazi ya wengine ilivyomfanya raia wa Sparta kuwa askari. Washirika wa Sparta walilalamika kwamba wao wanatoa askari wengi kuliko Sparta yenyewe. Mfalme Agesilaus akawaketisha wote pamoja, kisha akawataka wasimame kwa kazi zao: kwanza wafinyanzi, kisha wahunzi, maseremala, waashi na wengineo. Karibu washirika wote wakawa wamesimama, na hakuna Msparta hata mmoja aliyeinuka. Agesilaus akacheka na kusema kwamba sasa wameona ni nani anayeleta askari wengi zaidi. Ambacho hakukieleza ni nani aliyekuwa akimlimia kila mmoja wa wale waliobaki wameketi.

Malezi ya askari

Mtoto wa kiume wa raia alichukuliwa kutoka kwa mama yake alipofikia umri wa miaka 7, akaingizwa katika malezi ya dola yaliyokuja kujulikana kwa jina la *agoge*. Waliosamehewa ni warithi wa viti vya ufalme peke yao. Wavulana waliishi kwa makundi chini ya uangalizi wa wakubwa wao, walipewa vazi moja kwa mwaka, na walilala juu ya matete waliyoyavunja kwa mikono yao kandokando ya mto Eurotas.

Chakula chao kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili wajifunze kuiba. Aliyekamatwa alichapwa viboko, si kwa sababu ameiba, bali kwa sababu ameshindwa kuiba kwa ustadi. Kusoma na kuandika walifundishwa kwa kadiri ya mahitaji. Walifundishwa pia nyimbo na ngoma, ambazo ziliwazoeza kwenda kwa hatua moja, jambo la lazima kwa askari waliopigana wakiwa wamebanana bega kwa bega, ngao ya kila mmoja ikimkinga mwenzake wa kushoto.

Plutarch anadai pia kwamba wazee wa kabila walimkagua kila mtoto mchanga, na aliyeonekana dhaifu alitupwa katika shimo la mlima Taygetus. Hata hivyo, Plutarch aliandika zaidi ya miaka 500 baada ya Leonidas, na wanahistoria wengi wa sasa wanaitilia shaka habari hiyo.

Kijana alipofikia umri wa miaka 20 alitakiwa kukubaliwa katika bwalo, yaani kikundi cha wanaume wapatao 15 waliokula pamoja kila jioni. Aliendelea kulala kambini hata kama ameoa, hadi alipotimiza miaka 30, na alibaki kuwa askari hadi umri wa miaka 60. Kila mwanachama alipaswa kuleta bwaloni mchango wake wa kila mwezi wa shayiri, mvinyo, jibini na tini. Aliyeshindwa kuleta mchango huo alipoteza uraia wake kamili, hata kama alikuwa askari hodari na mtoto wa askari hodari.

Aliyeonyesha woga vitani naye aliadhibiwa bila ya kupelekwa gerezani. Xenophon, Mwathene aliyewafahamu Wasparta kwa karibu, anaeleza kwamba mtu wa namna hiyo aliachwa nje wakati wa kugawana timu za michezo, alilazimika kumpisha njia hata aliye mdogo kwake, na aliona taabu kuwaoza mabinti zake.

Wanawake wenye ardhi

Wanawake wa tabaka la raia walikuwa na nafasi iliyowashangaza Wagiriki wengine. Wasichana walifanya mazoezi ya kukimbia na kurusha mkuki, kwa imani kwamba mama mwenye afya huzaa askari mwenye nguvu. Waliolewa wakiwa na umri mkubwa kuliko wasichana wa Athens, na waliweza kumiliki na kurithi ardhi. Cynisca, dada yake Mfalme Agesilaus, alimiliki farasi walioshinda mbio za magari ya farasi wanne katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 396 na 392 KK.

Uhuru huo ulikuwa wa wachache. Mke wa raia hakusuka nguo wala kupika kwa sababu wanawake wa Kiheloti walifanya kazi hizo kwa niaba yake.

Wafalme wawili na waefori watano

Sparta ilitawaliwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka koo mbili za Agiad na Eurypontid. Wafalme waliongoza majeshi, lakini madaraka yao yalibanwa. Lilikuwapo baraza la wazee 28 waliotimiza miaka 60 na kuendelea, waliochaguliwa kwa maisha yao yote, ambao pamoja na wafalme walifanya jumla ya wajumbe 30. Kila mwaka pia walichaguliwa waefori watano, wasimamizi wa sheria waliokuwa na uwezo hata wa kumshitaki mfalme.

Mkutano wa raia wote ulipiga kura kwa kelele: upande uliopaza sauti zaidi ndio ulioshinda. Wengine katika Ugiriki waliusifu mpangilio huu kwa kudumu muda mrefu bila ya mapinduzi. Lakini usawa uliosifiwa ulikuwa ni wa tabaka moja tu, na ulilindwa kwa nguvu dhidi ya matabaka mengine.

Vita vya kila mwaka ndani ya nchi

Kwa mujibu wa Aristotle, kama anavyonukuliwa na Plutarch, waefori wapya walipoingia madarakani kila mwaka walitangaza rasmi vita dhidi ya Waheloti. Kwa tangazo hilo, raia aliyemuua Mheloti hakuhesabiwa kuwa na hatia mbele ya miungu.

Lilikuwapo pia kundi lililoitwa *krypteia*, la vijana waliotumwa mashambani wakiwa na majambia na chakula kidogo. Plutarch anasema walijificha mchana, na usiku wakawaua Waheloti waliowakuta njiani, au wakawavizia mashambani wale walioonekana kuwa na nguvu zaidi. Mwanafalsafa Plato anaitaja krypteia kama zoezi la kuvumilia taabu na baridi. Huenda ilikuwa yote mawili.

Fedheha nayo ilitumiwa kama silaha. Waheloti walilazimishwa kunywa mvinyo mkali usiochanganywa na maji, kisha wakaingizwa katika mabwalo ili vijana wa raia wauone ulevi na kuudharau. Mwandishi Myron wa Priene anasema walivishwa kofia za ngozi ya mbwa na kuchapwa idadi maalumu ya viboko kila mwaka hata kama hawakukosa, ili wasisahau kuwa ni watumwa.

Hofu ya watawala haikuwa ya bure. Yapata mwaka 464 KK tetemeko kubwa la ardhi liliiharibu Sparta, na Waheloti wakaasi. Waasi walijiimarisha katika mlima Ithome huko Messenia, na Sparta ikalazimika kuomba msaada kwa washirika wake, ikiwamo Athens. Jeshi la Athens likaja chini ya Cimon, lakini Wasparta wakaingiwa na wasiwasi kwamba Waathene wangeweza kuwaunga mkono waasi, wakawarudisha nyumbani. Uhasama uliotokana na fedheha hiyo ulisaidia kuandaa vita kubwa kati ya miji hiyo miwili. Waasi wenyewe hawakushindwa kabisa: hatimaye waliruhusiwa kuondoka na wake na watoto wao, na Athens ikawapa makazi Naupactus.

Thucydides anasimulia tukio la kutisha zaidi kutoka miaka ya Vita vya Peloponnese, vilivyoanza mwaka 431 hadi 404 KK. Wasparta walitangaza kwamba Waheloti waliojiona kuwa wameitumikia dola vizuri kuliko wengine vitani wajitokeze, ili wapewe uhuru. Waliochaguliwa walikuwa wapatao 2,000. Wakavikwa mataji ya maua, wakazungushwa katika mahekalu kama watu huru, na baada ya muda mfupi wote wakatoweka. Hakuna aliyejua kila mmoja wao aliuawa vipi. Hoja ya watawala ilikuwa kwamba aliye wa kwanza kuudai uhuru ndiye atakayekuwa wa kwanza kuasi.

Hofu hiyo iliingia hata katika mikataba. Sparta ilipofunga mkataba wa ushirika na Athens mwaka 421 KK, kiliwekwa kifungu kinachoitaka Athens kuisaidia Sparta kwa nguvu zake zote endapo watumwa wataasi. Athens haikuomba ahadi kama hiyo kwa upande wake.

Walio Sawa wanapungua

Wakati watawaliwa wakibaki wengi, watawala walikuwa wakipungua. Kwa maelezo ya Herodotus, Sparta ilikuwa na raia wapatao 8,000 wakati wa uvamizi wa Xerxes. Mwaka 425 KK, Waathene walipowateka askari 292 katika kisiwa cha Sphacteria, wapatao 120 kati yao wakiwa raia kamili, Sparta iliyokuwa ikiogopwa na wote ikatuma wajumbe kuomba amani. Hasara ya watu 120 ilikuwa tayari ni hasara ya kitaifa.

Vita peke yake haielezi upungufu huo. Ardhi ilikuwa ikijikusanya katika mikono ya familia chache kwa njia ya mirathi, mahari na wasia. Aristotle anasema karibu sehemu mbili kwa tano za ardhi yote zilikuwa mali ya wanawake. Familia iliyopoteza shamba ilishindwa kulipa mchango wa bwalo, na mwanamume aliyeshindwa kuulipa alishushwa daraja. Dola ilijaribu kuhimiza uzazi kwa kumsamehe mwenye watoto watatu wa kiume kwenda vitani, na mwenye wanne kutoa kodi yoyote. Lakini watoto wengi waligawana shamba moja, na umaskini ukazidi.

Mlango wa kuwapandisha wa chini ulifunguliwa nusu tu. Jemadari Brasidas aliwachukua Waheloti 700 kwenda kupigana kaskazini mwa Ugiriki, na waliorudi wakapewa uhuru. Wengine kama hao walifuata. Waliachwa huru, wakapewa mikuki, lakini hawakupewa uraia.

Matokeo yake yalionekana mwanzoni mwa karne ya 4 KK, pale ilipogunduliwa njama ya kijana aitwaye Cinadon, mtu shupavu ambaye hakuwa miongoni mwa Walio Sawa. Kwa mujibu wa Xenophon, Cinadon alimpeleka mtu aliyetaka kumshawishi hadi sokoni na kumwambia awahesabu raia kamili. Mbali na mfalme, waefori na wazee, walipatikana wengine kama 40. Cinadon akamwambia kwamba hao ndio maadui, na wengine wote waliokuwa sokoni, zaidi ya 4,000, ni wenzao, kwani Waheloti, walioachwa huru, walioshushwa daraja na Waperioiki hawakuweza kuficha kwamba wangewala mabwana hao hata wakiwa wabichi. Cinadon alikamatwa, akazungushwa mjini akichapwa pamoja na wenzake, na kuuawa.

Leuctra na uhuru wa Messenia

Mwaka 371 KK jeshi la Sparta lilikutana na jeshi la Thebes lililoongozwa na Epaminondas huko Leuctra. Raia kamili 700 wa Sparta walikuwapo vitani. Wapatao 400 waliuawa, akiwamo Mfalme Cleombrotus.

Dola nyingine ingeweza kujikusanya upya baada ya vita moja. Sparta haikuweza, kwani haikuwa na watu wa kuziba mapengo. Katika majira ya baridi ya mwaka 370 kuingia 369 KK, Epaminondas aliingia Laconia, ambako kwa vizazi vingi hakuna jeshi la adui lililowahi kukanyaga bondeni. Kisha akavuka hadi Messenia, akawatangazia Waheloti uhuru, na kuwasaidia kujenga mji wao wa Messene chini ya mlima ule ule wa Ithome.

Kwa kuipoteza Messenia, Sparta ilipoteza ardhi iliyowalisha askari wake. Aristotle, aliyeandika miongo michache baadaye, anasema nchi iliyoweza kuwalisha wapanda farasi 1,500 na askari wa miguu 30,000 ilikuwa imebaki na raia wasiofika 1,000, na kwamba mji huo uliangamia kwa ukosefu wa watu. Lawama yake kubwa ilikuwa kwamba Sparta iliwafundisha watu wake kushinda vita, lakini haikuwafundisha namna ya kuishi katika amani.

Katika karne ya 3 KK Mfalme Agis wa Nne alijaribu kufuta madeni na kugawa ardhi upya. Wakati huo, anasema Plutarch, raia wa asili walikuwa hawazidi 700, na kama 100 tu kati yao ndio waliomiliki ardhi. Matajiri walimpinga, na mwaka 241 KK akauawa. Cleomenes wa Tatu aliyatekeleza mageuzi hayo kwa nguvu, lakini akashindwa vitani huko Sellasia mwaka 222 KK. Katika karne iliyofuata Sparta iliangukia chini ya himaya ya Warumi.

Sifa zilizobaki

Sifa ya Sparta iliishi muda mrefu kuliko jeshi lake. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliisifu kwa raia wake kuipenda nchi kuliko nafsi zao. Adolf Hitler aliisifu kwa sababu nyingine, akiiona kuwa mfano wa dola iliyojengwa juu ya rangi na damu. Mnamo Januari 1943, Hermann Göring aliwafananisha askari wa Kijerumani waliozingirwa Stalingrad na watu wa Leonidas, wakati askari hao walikuwa wakifa kwa njaa na baridi katika nchi waliyoivamia wao wenyewe.

Wasifiaji hao waliwatazama wale 300 na kuwasahau walioishi chini yao. Sehemu kubwa ya habari zetu kuhusu Sparta ilitoka kwa wageni wenye mali na elimu, na Waheloti hawakuacha maandishi ya kujieleza.

Waliacha mawe. Thucydides aliwahi kuandika kwamba iwapo Sparta itahamwa, vizazi vya baadaye vitakapoyaona magofu yake havitaamini kuwa ilikuwa na nguvu kama ilivyosifiwa, na ndivyo ilivyokuwa: mabaki ya mji huo ni machache. Huko Messene, ukuta uliozunguka mji wa Waheloti walioachwa huru, wenye urefu wa karibu kilomita 9, bado umesimama katika sehemu zake nyingi, pamoja na lango lake kuu la kaskazini.